Kuhamisha mikanda ya video kwenye diski: njia tatu, na ipi inakufaa

Mikanda ipo kabatini. Mmoja umeandikwa "Harusi, sehemu ya 2" kwa kalamu iliyofifia, mingine haikuandikwa kitu, nawe umeamua kwamba sasa yote ihamie kwenye diski. Ukiulizia, utapewa majibu matatu. Wa kwanza atakuambia utafute deki pacha, ile mashine moja yenye mdomo wa mkanda upande huu na mdomo wa diski upande ule. Wa pili atasema unganisha deki na kompyuta. Wa tatu atakuambia usijisumbue, mpelekee fundi. Nimezipita njia zote tatu, kwa mikanda ya kwetu na ya jamaa, na kila moja imewahi kunifaa na imewahi kuniangusha.

Kuna jambo moja ninalolitanguliza kabla ya mashine yoyote. Mkanda wa zamani hauna safari nyingi zilizobaki. Ndani ya deki ya VHS kuna silinda yenye vichwa vya kusomea inayozunguka mara 1,500 kwa dakika (1,800 kwa mikanda ya NTSC, mfumo wa picha wa Marekani na Japani), na mkanda wenye upana wa milimita 12.7 hupita ukiisugua. Picha yenyewe imebebwa na unga wa sumaku ulioshikizwa kwenye plastiki kwa gundi, na gundi hiyo huchoka kadiri inavyonyonya unyevu mwaka baada ya mwaka. Deki nazo zinakwisha. Funai ya Japani, inayojulikana kuwa kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda ambazo hazitakuwa zimehamishwa kufikia 2025 nyingi zingepotea moja kwa moja. Kwa hiyo safari hii unayoipanga, kwa baadhi ya mikanda yako, huenda ndiyo ya mwisho, na njia utakayochagua iwe ile itakayoitendea haki safari hiyo moja.

Kagua mikanda kwanza

Shika mkanda chini ya taa, uuinamishe, utazame kupitia kidirisha. Mkanda ulio mzima hung'aa, mweusi au wa kahawia iliyokolea, na kingo zake zimelala sawa. Ukiona vumbi jeupe au nyuzinyuzi kwenye kingo za mzingo, huo ni ukungu. Usiuingize kwenye deki. Ukungu hupakaa vichwa, na vichwa hivyo vitaupakaa kila mkanda utakaofuata. Mkanda wa namna hiyo uweke kando kabisa, na mingine iliyokuwa nao kwenye boksi moja uikague kwa makini zaidi.

Kisha tenganisha kwa aina. VHS ndiyo kaseti kubwa. VHS-C ni ndogo, lakini ukanda wake ni uleule wa VHS, na kuna kasha unaloitumbukiza ndani yake kisha ikachezwa kwenye deki ya kawaida. Video8 na Hi8 zinafanana nayo kwa mbali, na watu wengi huhangaika kuzitafutia kasha la namna hiyo. Halipo. Ukanda wake ni wa milimita 8, hivyo huchezwa kwa kamera yake tu au deki ya aina hiyo. MiniDV ni hadithi nyingine: picha yake tayari ni ya kidijitali.

Uliza pia mkanda ulirekodiwa wapi. Uliotoka Marekani au Japani utakuwa wa NTSC, na deki inayojua PAL, ule mfumo mwingine wa picha, peke yake itakuonyesha picha inayoruka, au isiyo na rangi, ukadhani mkanda umekufa.

Tunapima nini

Nitazipima njia zote kwa mambo matano: ubora wa picha na sauti, usalama wa mkanda, muda na kazi, kinachobaki mkononi mwako, halafu gharama na siri. Hayana uzito sawa. Kwangu la nne ndilo kubwa, ingawa ndilo ambalo wengi hawaliulizi hadi diski ianze kukwama.

Ubora wa picha na sauti

VHS hutoa takriban mistari 240 ya undani kwa upana wa picha. DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576. Maana yake diski ina nafasi ya kutosha kuubeba mkanda wote, na ukiona picha imeharibika, imeharibikia njiani.

Deki pacha inafanya vizuri jambo moja ambalo haisifiwi: picha haitoki nje ya mashine, hivyo hakuna waya mbovu wala plagi iliyolegea. Udhaifu wake ni kwamba inabana picha papo hapo, na kiwango cha kubana kinatokana na saa ulizochagua. Diski ya gigabaiti 4.7 ukiipa saa 1, picha inatoka karibu na mkanda ulivyo. Ukiipa saa 2, bado ni nzuri. Ukiipa saa 4, kila mtu anapocheza au kamera inapogeuka picha hukatika vijiboksi, na mashine nyingi kwenye kiwango hicho hupunguza pikseli za upana kwa nusu. Mkanda wa E-180 una saa 3, na kishawishi cha kuutia wote kwenye diski moja ni kikubwa. Ugawe kwenye diski mbili. Jambo jingine: deki hizi huzuiwa kunakili mikanda ya dukani iliyokingwa, na mara nyingine mkanda wa nyumbani uliochakaa, wenye mawimbi yanayoyumba, huchukuliwa kuwa umekingwa, mashine ikagoma katikati ya kazi.

Njia ya kompyuta inaweza kutoa picha bora kuliko nyingine, na inaweza kutoa mbaya kuliko zote. Vile vifaa vidogo vya kunasia vinavyochomekwa kwenye USB hupenda kuacha fremu mkanda unapoyumba, huku sauti ikiendelea bila kusubiri. Dakika tano za kwanza huoni kitu. Kufika saa ya kwanza, makofi yanasikika kabla mikono haijakutana. Nilihamisha harusi nzima hivyo na nikagundua mwishoni, kwenye hotuba, midomo ilipokuwa imefunga na maneno bado yanatoka.

Dawa zipo. Kama deki yako ina tundu la S-Video, litumie badala ya ule waya wa njano, kwa kuwa linapitisha mwanga na rangi kila kimoja kwa njia yake. Kama unaweza kupata kifaa cha kunyoosha mawimbi, kile ambacho mafundi hukiita TBC, kingo za picha zinazotetemeka zitatulia na kuacha fremu kutapungua sana. Baadhi ya deki za S-VHS, ile VHS ya daraja la juu, zinacho ndani. Baadhi ya kamera za MiniDV na Digital8 nazo hupokea mawimbi ya deki na kuyatoa yakiwa ya kidijitali kupitia FireWire, tundu la waya wa kuunganisha kamera na kompyuta, na kwa kazi hii huwa tulivu kuliko vifaa vingi vya USB. Usinase moja kwa moja kwenye faili dogo. Kunasa bila kupoteza kitu huchukua gigabaiti 30 hivi kwa saa, na kwa mfumo wa DV, ule wa kamera za MiniDV, gigabaiti 13. Utapunguza baadaye, ukiwa na nakala nzuri mkononi.

Kuna kosa moja ninaloliona kila mahali. Picha ya mkanda imeundwa kwa nusu-fremu, 50 kwa sekunde katika PAL, mistari ya shufwa na ya witiri ikipokezana. DVD inaufahamu mpangilio huo, basi kwa diski uache ulivyo. Simu na kompyuta haziupendi, na ndiyo sababu mtu anayetembea huonekana ana kingo za meno ya kitana. Kwa nakala ya simu, unganisha nusu hizo kwa programu kama HandBrake, ukiomba fremu 50 kwa sekunde, siyo 25, ili mwendo ubaki laini.

Kwa fundi, ubora ni ubora wa vifaa vyake na subira yake. Fundi mzuri ana deki iliyotunzwa, anasafisha vichwa kati ya mkanda na mkanda, na anarekebisha ufuatiliaji wa njia (tracking) kwa kila mkanda hadi picha iache kupiga chenga. Fundi wa haraka ana deki pacha ileile uliyokuwa unafikiria kuitafuta.

Usalama wa mkanda

Hatari ni ileile kwa njia zote: deki kula mkanda. Tofauti ni nani amesimama karibu nayo.

Deki pacha ni mashine kuukuu, na ukiinunua mkononi mwa mtu hujui mpira wake umelegea kiasi gani. Deki unayoiunganisha na kompyuta ni hivyohivyo, ila hapo una uhuru wa kuchagua deki imara na kubadilisha ikikushinda. Kwa zote mbili, jaribu kwanza kwa mkanda usio na thamani, uucheze nusu saa, uutoe, utazame kama umekunjika ukingoni. Mkanda uliokaa miaka bila kuguswa upeleke mbele hadi mwisho, uurudishe mwanzo, ndipo uucheze. Safari hiyo husawazisha mzingo uliolala upande mmoja. Kama mkanda unapiga kelele ya kusaga au unakwama, simamisha. Usilazimishe.

Fundi mwenye uzoefu ndiye salama zaidi kwa mkanda ulioumwa: uliokatika, wenye ukungu, au ambao kaseti yake imepasuka na ukanda unahitaji kuhamishiwa kaseti nyingine. Hatari kwake iko kwenye usafiri na kuchanganya. Iandike mikanda namba, ipige picha kabla haijaondoka, mpe orodha.

Muda na kazi

Hakuna njia ya mkato. Mkanda wa saa 2 unahamishwa kwa saa 2. Mikanda 20 ya namna hiyo ni saa 40 za kuchezwa tu.

Deki pacha inakuachia kazi ndogo. Unaingiza mkanda, unabonyeza, unakwenda zako, unarudi kubadilisha. Kitu kimoja tu usisahau: kuifunga diski mwishoni, hatua ambayo mashine huiweka ndani ya menyu na haikukumbushi. Diski isiyofungwa huchezwa na mashine iliyoichoma, lakini mashine nyingine nyingi haziioni. Nilikuwa na diski sita za namna hiyo wakati deki yangu ilipokufa. Nilikuja kuzisoma kwa kompyuta na programu ya kuokoa data, na mbili kati ya hizo hazikutoa kitu.

Kompyuta inakula siku. Kuna kunasa, kukata, kutengeneza menyu ya DVD, kuchoma, na kuangalia kama ilichomeka sawa. Mkanda wa kwanza utakuchukua wikendi nzima kwa sababu unajifunza. Wa kumi utauweka huku unafanya kazi nyingine. Mwenye mikanda mitatu sidhani kama somo hilo linamlipa.

Kwa fundi kazi yako ni kusubiri, na kuandika maelekezo. Maelekezo hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Kuna mkanda mmoja wa kwetu niliupeleka, nikarudishiwa diski safi yenye sherehe yote hadi mwisho, pale picha inapokatika na kuwa chenga tupu. Miezi baadaye niliucheza mwenyewe na sikuusimamisha. Baada ya dakika kama mbili za chenga, picha ilirudi. Kamera ilikuwa imewekwa mezani, imeinama, inatazama mguu wa kiti, na sauti ya baba yangu inauliza, "Umeizima hiyo?" Halafu anaanza kusimulia safari yake ya siku hiyo kwa mtu asiyeonekana, dakika nne, hana haraka, anacheka katikati. Aliyenihamishia aliishia kwenye chenga, na simlaumu sana, kwa kuwa sikumwambia. Tangu siku hiyo sentensi yangu ya kwanza kwa fundi ni hii: nasa hadi mkanda ukome wenyewe. Ukihamisha kwa mkono wako, fanya vivyo hivyo, njia yoyote utakayotumia.

Kinachobaki mkononi

Diski tunazochomea nyumbani si sawa na za kiwandani. Data yake imeandikwa kwenye tabaka la rangi linaloathiriwa na mwanga na joto. Diski nzuri iliyowekwa wima kwenye kasha lake, mahali pakavu na penye giza, hudumu. Iliyosahaulika kwenye dashibodi ya gari haidumu. Usibandike karatasi ya gundi juu yake, andika kwa kalamu laini maalumu ya diski. M-DISC, aina nyingine ya diski ya kuchoma, haitumii tabaka la rangi la namna hiyo na imeundwa kwa ajili ya kudumu, lakini inataka kichomeo kinachoikubali. Na kumbuka kompyuta mpakato nyingi mpya hazina tena mdomo wa diski.

Kwa sababu hiyo ninauliza: zaidi ya diski, unabaki na nini?

Deki pacha inakupa diski peke yake. Bado si mwisho wa njia, kwa kuwa DVD ya nyumbani haina kufuli, na unaweza kunakili mafaili yake kwenye kompyuta bila kupunguza chochote. Utakuwa na kile kilichobanwa siku ile, basi. Ukitaka kukihariri na kukichoma tena, utakibana mara ya pili, na inaonekana.

Kompyuta inakuachia faili kuu. Kutoka humo unatengeneza DVD ya mama mkubwa, nakala ndogo ya kutuma kwa simu, na kesho kutwa chochote kitakachokuja. Hilo faili liweke kwenye diski ngumu mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Fundi anakupa unachoomba. Usipoomba, utapewa DVD. Wengi wako tayari kukutilia na mafaili kwenye diski ngumu utakayopeleka mwenyewe. Uliza kabla ya kazi, maana ikishakwisha faili la kwanza mara nyingi limeshafutwa kupisha la mteja mwingine.

Gharama na siri

Deki pacha unalipa mara moja, na ukimaliza unaweza kuiuza au kumkopesha ndugu. Kompyuta ni nafuu kama deki na kompyuta unazo tayari, na hupanda haraka ukianza kutafuta TBC na S-VHS. Fundi hulipwa kwa mkanda au kwa saa, hivyo mikanda michache ni nafuu kwake na mingi ni ghali.

Kuhusu siri niseme kwa ufupi. Mikanda ya nyumbani ina watoto wanaogeshwa, ina ugomvi, ina mambo ya faragha ya watu ambao hawapo tena kukupa ruhusa. Njia mbili za kwanza hazitoki nyumbani kwako. Kwa fundi, mwambie waziwazi afute nakala zake baada ya kukukabidhi, na mkanda usioujua una nini usiutoe nje kabla hujauona.

Kwa hali yako

Una mikanda mingi ya VHS iliyo katika hali nzuri, huna mazoea na kompyuta, na watakaotazama ni wazee wanaotumia deki ya DVD kila siku: deki pacha inakutosha. Chagua saa 1 au 2 kwa diski, funga kila diski, na ukipata kijana wa kukusaidia anakili mafaili ya DVD kwenye diski ngumu.

Una mikanda mingi, unapenda kujua kitu kinavyofanya kazi, na unataka kuhariri au kugawia familia iliyotawanyika: kompyuta. Anza na mkanda usio na thamani, nasa dakika 90, kisha tazama dakika tano za mwisho kabla ya kitu kingine chochote. Sauti ikiwa imeachana na midomo, badilisha kifaa kabla hujaendelea.

Una MiniDV na kamera yake bado inafanya kazi: kompyuta tena, kupitia FireWire, hata kama hupendi kompyuta. Picha inahama kama ilivyo, bila kunaswa upya. Ukiipitisha deki pacha kwa waya wa njano unaishusha daraja bure. Kama hakuna kompyuta yenye tundu hilo, fundi mwenye nalo anafaa kuliko kulazimisha.

Una mikanda mitatu minne tu, au una Video8 na Hi8 na kamera ilishakufa: fundi. Kutafuta mashine kwa ajili ya mikanda michache kutakuchosha kabla hujafika.

Una mkanda wenye ukungu, uliokatika, au ule mmoja wenye sauti ya mtu usiyeweza kumrekodi tena: fundi, na siyo wa kwanza uliyemwona. Muulize anatumia deki gani, anasafisha vichwa lini, atafanya nini mkanda ukikwama, na kama atakupa mafaili. Mpe kwanza mkanda mwingine wa kujaribia, utazame alichokurudishia.

Na kama boksi lako lina mchanganyiko wa hayo yote, kama la wengi wetu, ligawe. Mimi ya kawaida ninainasa nyumbani, minne iliyoumwa nimeipeleka kwa fundi, na yote iliyokwisha kuhamishwa bado iko kabatini, imesimama wima, kidole cha kurekodia kimevunjwa ili asitokee mtu akarekodi juu yake.